Tawakal juu ya mchanga: shajara ya bolti zilizogoma

Jumanne, 13 Mei 2025

Maji yamejaa saa kumi alasiri, na Tawakal tumeivuta mpaka juu ya mstari wa mwani, watu kumi na wawili na kamba moja, mvua ya masika ikitunyeshea bila haya. Bamvua hii ya mwezi mpevu, maji yanapojaa kupita kawaida, ndiyo ya kupandishia. Ile ya mwezi kuandama ndiyo ya kushushia. Kwa hiyo nina siku kumi na tano hapa Nungwi, basi. Wageni wa kwenda kisiwa cha Mnemba wanaanza kurudi Juni, na boti iliyolala mchangani haimlishi mtu.

Kwa asiyeijua: ni boti ya faiba ya futi 28, mashine moja ya farasi 60, na paa la turubai juu ya mabomba ya alumini. Ni yangu na mjomba, mwaka wa sita huu. Kazi zilizoandikwa kwenye karatasi ni rangi ya chini, zinki mpya (kile kipande kinacholika badala ya mguu wa mashine), na kutoa breketi ya mashine ili faiba ya tezi, yaani nyuma ya boti, itengenezwe, maana inavuja. Breketi yenyewe ni bamba la alumini la milimita 10, limeshikwa kwa bolti nane za stenlesi za milimita 12. Nimeiandikia asubuhi moja.

Magharibi nimejaribu ya kwanza. Nati imetoka kwa raha. Bolti yenyewe haikutikisika. Nimeigonga kwa nyundo, imenirudishia mlio kama wa kengele, na mjomba akacheka akiwa amekaa juu ya ndoo.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi moja imekwisha, na bolti tatu bado zipo.

Ukikwangua rangi kando ya kichwa cha bolti, inabanduka kama ngozi ya jipu. Chini yake pana unga mweupe, mkavu juu, ndani umeshikana kama ugali wa jana. Unga huo ndio alumini yetu, imelika ikageuka. Unataka nafasi kubwa kuliko ile ya alumini iliyouzaa, na ndani ya tundu la bolti nafasi hakuna, basi unaikaba bolti pande zote. Ndiyo maana nati hutoka na bolti ikabaki: thredi hazina ubaya wowote, aliyenyongwa ni shina.

Fundi wa mashine alikuja na mtungi wake wa gesi, tayari kuwasha. Mjomba akamwambia, "Tangi la petroli liko hatua tatu hapo, bwana. Huo moto urudishe kwako." Tukabaki na birika.

Na birika si la kudharau. Alumini ikipata joto hutanuka kuliko stenlesi: kwa kila digrii moja, mita ya alumini huongezeka kama mikromita 23, ya stenlesi kama 16. Kwa bolti ya milimita 12 na maji yanayochemka, tundu linaizidi bolti kwa kitu chembamba mara kumi kuliko unywele. Ni kidogo sana, lakini unga ule umekauka kama chokaa, na chokaa hupasuka kwa kidogo.

Tulivyofanya: usiku tumemimina asetoni na mafuta ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, yakiwa yametikiswa vizuri kwenye chupa kwa sababu yakitulia hutengana. Asubuhi maji ya moto, birika tatu kwa bolti moja. Kisha spana kwenye kichwa, na kwanza unakaza, hufungui. Kidogo tu, upana wa ukucha. Ukisikia "kwii" ndefu kama mlango wa ghala, umeshinda: rudisha, kaza, rudisha, mimina tena. Uji mweupe unatoka kando ya kichwa.

Hadi adhuhuri nimepata tano.

Ijumaa, 16 Mei

Jana mbili zaidi. Ya nane imekatika shingo. Shina lake nimelitoboa kwa drili kuanzia saa mbili mpaka wito wa Ijumaa, na biti tatu zimeungua. Stenlesi ukiitoboa haraka inakuwa ngumu mbele ya biti. Inataka mwendo wa polepole, mkandamizo mzito na mafuta. Nilijua hivyo, na bado nikaharakisha.

Baada ya sala nimezipanga zote nane juu ya ubao nikazitazama. Ile iliyokatika haikukatwa na nguvu zangu. Chini ya kichwa, pale ilipokuwa imezungukwa na silikoni ya zamani, shingo ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama penseli, nyeusi, na vishimo vishimo. Stenlesi hujilinda kwa ngozi nyembamba ambayo hujirudishia yenyewe kila ikipata hewa. Iweke mahali penye maji ya chumvi yaliyotuama na pasipo hewa, mfano chini ya silikoni iliyoachia upande mmoja, na ngozi hiyo haijirudii tena. Hapo ni chuma tu kama chuma kingine.

Vichwani, bolti nne zina alama ya A2, mbili zina A4, mbili hazina kitu. A4 ndiyo ya baharini, ile wanayoiita 316, yenye molibdeni kama asilimia 2 hadi 3. A2 ni ya jikoni. Aliyezichanganya ni mtu aliyeingia dukani mwaka 2019 akaomba "stenlesi nane za kumi na mbili" bila kuvitazama vichwa. Mtu huyo ni mimi. Mjomba amesema hatanitaja.

(Wapo wanaozipima dukani kwa sumaku. Sumaku haiwezi kukutenganishia A2 na A4, zote mbili karibu haivuti. Soma kichwa.)

Jumapili, 18 Mei

Mvua kutwa. Nimekaa barazani na bakuli la maji ya bahari, multimita (kipimo cha umeme), na vipande: zinki ya zamani, alumini niliyokata kwenye bomba bovu, msumari wa chuma, kipande cha shaba ya manjano na bolti ya A4. Waya mweusi wa multimita nimeushika kwenye zinki, mwekundu nikauhamisha kutoka kipande hadi kipande. Alumini: volti 0.26. Msumari: 0.41. Shaba: 0.67. Stenlesi ilipanda taratibu mpaka ikasimama 0.93.

Mjomba amevaa miwani akasogea. "Kwa hiyo hii ni betri."

Ndiyo, ni betri, na kila mahali alumini inapogusana na stenlesi kukiwa na maji ya chumvi tumeunda betri yenye kama thuluthi mbili za volti, inayofanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa. Anayelipa bili ni yule wa chini kwenye orodha. Kati ya alumini na stenlesi, ni alumini. Kati ya alumini na zinki, ni zinki, na kazi ya zinki ni hiyo tu, kulika badala ya mwenzake.

Ukubwa nao una sheria yake. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la alumini huila polepole, maana hasara inagawanyika, ingawa pale tunduni ndipo kunapoumia. Geuza: riveti ndogo za alumini kwenye bamba kubwa la stenlesi. Riveti hizo hazitamaliza msimu.

Jambo lenyewe ni la kale. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika manowari yake HMS Alarm kwa mabati ya shaba chini, ili mdudu wa mbao asiingie. Walipoikagua mwaka 1763, misumari ya chuma iliyoshika mabati ilikuwa imeoza vibaya. Isipokuwa michache: pale ambapo karatasi ya kahawia iliyofungiwa mabati ilikuwa imesahaulika kati ya shaba na chuma, msumari ulikuwa mzima. Karatasi tu ya kufungia mzigo! Nimemsomea mjomba, akanyamaza kidogo, kisha akasema watu wa zamani hapa walikuwa hawatupi karatasi wala kitambaa.

Baadaye tumegombana kidogo. Anataka tufunge zinki kubwa juu ya breketi, "ile ya mashine inafaa, na hii itafaa." Haitafaa. Zinki humlinda yule aliyezama naye katika maji yale yale, na aliyeungana naye chuma kwa chuma. Breketi yetu iko juu ya maji. Inapata rasharasha, inakauka, inapata tena. Kila tone lililojificha chini ya kichwa cha bolti ni bahari yake peke yake, na zinki iliyofungwa sentimita kumi pembeni haimo ndani ya bahari hiyo. Juu ya maji hakuna wa kukulindia. Utenganishe vyuma, au uzuie maji, au yote mawili.

Jumatatu, 19 Mei

Tukiwa kwenye zinki: ile ya mguu wa mashine nimeikuta mpya kabisa, na ina mwaka. Kijana wetu aliipaka rangi alipokuwa akipaka mguu, akidhani anasaidia, na kweli ilipendeza. Zinki isiyolika haijafanya kazi hata siku moja. Mguu wa alumini umeliwa badala yake, vishimo kama ndui karibu na propela. Zinki mpya imefungwa, na sehemu inayokaliwa nayo nimeikwangua mpaka alumini ikang'aa, maana bila kugusana chuma kwa chuma hata zinki isiyopakwa rangi haina faida.

Jumatano, 21 Mei

Leo tumekata washa kutoka kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Ulikuwa wa mama watoto. Amenuna, nimeahidi mwingine. Plastiki ile ni nzuri: ngumu kiasi, hainywi maji, inakatika vizuri kwa biti ya duara.

Hizi ni za paa la turubai. Kila mahali viungo vya stenlesi vinapokaa juu ya bomba la alumini pamewekwa kipande cha ubao wa mboga katikati, na kila skrubu inayopita imevishwa kimrija cha plastiki ili isiguse ukingo wa tundu. Watu husahau ukingo wa tundu. Wanaweka washa juu, washa chini, na skrubu yenyewe inaegemea alumini katikati, kazi yote bure.

Nimepima kwa multimita: kati ya skrubu na bomba, kavu, haisomi kitu. Nikamwagia kikombe cha maji ya bahari, ikaanza kusoma. Maji yametengeneza daraja juu ya plastiki. Kwa hiyo plastiki peke yake si dawa. Lazima na mafuta ya kuyafukuza maji.

Breketi ya mashine sikuiwekea plastiki. Fundi wa mashine alikataa na nimemkubalia. Mashine ina kilo mia na kitu na inatikisa siku nzima. Plastiki ikikandamizwa hivyo hutiririka taratibu kama nta, bolti zinalegea bila wewe kujua, na siku moja mashine inakwenda chini ya bahari peke yake. Hapo ni bolti mpya za A4, washa pana za A4, na mafuta ya kutosha kujaza tundu lote.

Mafuta gani? Hapa ndipo maneno yalipokuwa mengi. Fundi alileta kopo lake la grisi ya shaba, ile anayopaka plagi. Nzuri kwa plagi, lakini kwa bolti iliyo ndani ya alumini unaongeza chuma cha tatu, na ni chuma kilicho juu ya alumini kwenye ile orodha ya bakuli. Hapana. Dukani mjini kuna ile ya njano yenye kromati, ya miaka mingi na inafanya kazi, ila ni sumu na inataka glavu. Nimenunua ile nyeupe ya PTFE, kitu kile kile cha utepe mweupe wa mafundi bomba, imesagwa ikawa mafuta mazito. Tyubu ni ndogo kama ya dawa ya meno ya safarini, bei yake kilo tatu za pweza.

Mjomba anasema deheni. Shahamu na chokaa, kama walivyopaka majahazi chini. Kwa mbao sawa. Kwa alumini chokaa ni adui: alumini huliwa na chokaa kama inavyoliwa na chumvi, na pengine kwa haraka zaidi. Akafikiri, akasema, "Basi nta." Nta ya nyuki, iyeyushwe na sifa kidogo, yale mafuta ya papa. Sikuwa na jibu. Nikasema tupime.

Vipande vinne vya alumini, kila kimoja na bolti yake ya A4 na nati, vimekazwa kwa nguvu moja. Cha kwanza kikavu. Cha pili grisi ya kawaida ya gari. Cha tatu PTFE. Cha nne nta na sifa, ambacho kinanuka kufukuza paka. Vimefungwa kwenye kigingi cha mkoko, mahali mawimbi yanaporukia bila kuzamisha.

Jumamosi, 24 Mei

Breketi imerudi. Bolti saba nzuri, na ya nane nati imeganda katikati ya thredi, bolti mpya, nati mpya, kila kitu safi. Nilikuwa nakazia kwa mashine ya betri ili tumalize kabla ya mvua. Hiyo si kutu. Stenlesi ikisuguana na stenlesi kavu kwa kasi, ngozi zake zinachubuka na vyuma viwili vinashikana baridi, kama vimechomelewa. Haifunguki. Nimeikata kwa grainda, bolti mpya tena, safari hii mafuta kwenye thredi na spana ya mkono. Polepole haikunigharimu bolti.

Rangi ya chini nayo leo. Ina shaba ndani yake, kwa hiyo nimeacha ukanda wa sentimita tatu bila rangi kuzunguka kila kitu cha alumini kinachozama, na mguu wa mashine haukuguswa kabisa. Kijana amesimama na brashi akiniangalia kama mtu aliyekatazwa karamu.

Jumanne, 27 Mei

Kesho tunashusha, na leo ndipo nimekuta ubaya mkubwa kuliko wote, na hauko kwenye breketi.

Vali ya kutolea maji ya ngamani, chini kabisa ndani ya boti, ni ya bronzi, iko sawa. Lakini kiungo kilichofungwa juu yake ni cha shaba ya manjano ya bomba la nyumbani. Nimekikwangua kwa kisu. Badala ya njano, waridi, kama ufizi. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu na zinki. Bahari imeivuta zinki yote, imebaki sifongo ya shaba yenye umbo la kiungo. Nimekibana kwa koleo kikavunjika kama biskuti. Tumekwenda Mnemba na watalii kumi juu ya biskuti hiyo.

Nikidhani nimemaliza, nikaona waya wa pampu ya ngama. Kiungo chake chekundu, kile kinachotoka betri moja kwa moja, kilifungwa kwa utepe tu na kililala ndani ya maji ya ngama, shibiri moja kutoka vali. Huko hakuna tena habari ya thuluthi mbili za volti. Ni volti 12 zinazotafuta njia ya kwenda baharini, na chuma chochote kitakachosaidia kinaliwa kwa wiki badala ya miaka. Hakuna zinki ya kushindana na hilo.

Waya umeinuliwa, umeunganishwa upya juu kabisa chini ya benchi, umefungwa kwa mpira wa kubana kwa joto, na fyuzi imewekwa karibu na betri. Kiungo kipya cha bronzi. Nimemaliza saa tano usiku kwa tochi ya simu.

Jumatano, 28 Mei

Maji saa kumi na nusu. Imeelea. Tezi kavu.

Jumamosi, 23 Agosti

Kusi limepiga miezi mitatu na kigingi cha mkoko kimekula chumvi ya kutosha. Nimeleta vipande barazani, mjomba shahidi.

Kikavu: unga mweupe umezunguka kichwa kama povu. Nati imetoka, bolti ikataka birika mbili na nyundo. Miezi mitatu tu!

Grisi ya gari: upande wa juu imeoshwa yote, unga umeanza ukingoni. Imetoka kwa spana na kelele.

PTFE: nati imelegea kwa robo mzunguko wa spana, baadaye vidole. Ndani nyeupe, lakini nyeupe ya mafuta, si ya unga.

Nta na sifa: imetoka kwa spana ya kawaida, bila kelele, alumini chini yake inang'aa. Mjomba hakusema kitu. Alikwenda kunawa mikono, akarudi, akaigeuza bolti mara mbili juani, akaitia mfukoni.

Bolti moja si ushahidi, nimemwambia. Na upande wa jua nta ilikuwa imelainika na kutiririka kidogo. Juu ya paa la turubai saa saba mchana sitaiamini. Lakini kwa ndani, kivulini, nimeona nilichoona.

Jumamosi, 8 Novemba

Kabla ya msimu wa kaskazi nimefungua bolti moja ya breketi, ile ya tatu kutoka kushoto. Spana kidogo, kisha vidole viwili. Safi. Nimeipaka upya nikairudisha. Zinki ya mguu imelika karibu nusu, itabadilishwa kabla ya Krismasi.

Paa la turubai: viungo kumi na mmoja viko sawa. Cha kumi na mbili, kile cha nyuma kulia ambacho mwezi wa tano nilikifunga jioni bila kimrija kwa kuwa vimrija viliisha na mvua ilikuwa inakuja, kina duara la unga mweupe na rangi imeinuka. Skrubu haizunguki. Nimeimiminia asetoni na mafuta ya gia, na birika liko jikoni.

Mama watoto ameuficha ubao mpya.